Kumwingiza Mwezi nyumbani: shajara ya fereti watatu

Kabla ya siku ya kwanza

Tuna fereti wawili. Sultani ni dume wa miaka mitano, mpole, mzito wa kuamka. Hidaya ni jike wa miaka mitatu, na nyumba ni yake. Wote wamehasiwa. Kwa asiyewajua, fereti ni mnyama wa ukoo wa kicheche, kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, ambaye binadamu amemfuga kwa zaidi ya miaka 2000, hasa kwa kuwindia sungura mashimoni. Hulala saa 14 hadi 18 kwa siku, na zinazobaki huzimaliza kwa kukimbia, kuchimba na kuburuta kila kinachoburutika.

Fereti huishi miaka sita hadi minane hivi. Siku Sultani akituacha, Hidaya atabaki peke yake, na nimewahi kumwona fereti aliyefiwa na mwenzake akikaa siku mbili hataki bakuli wala mchezo. Basi jamaa yetu mmoja alipohamia mahali wasipokubali wanyama, akauliza kama tunaweza kumchukua dume wake wa mwaka mmoja na miezi miwili, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Uso wa huyo dume ni mweupe tangu paji hadi ukosini, mwili ni kahawia. Binti yangu akampa jina Mwezi.

Babu yao wa porini, kicheche wa Ulaya, huishi peke yake. Hana kundi, hana kiongozi wa kumfuata. Fereti wa nyumbani wamejifunza kupenda wenzao, lakini hawakuzaliwa na sheria ya kupokea mgeni. Ndiyo maana siamini ule ushauri wa "wape siku mbili, watazoeana tu". Lengo langu ni walale pamoja watatu bila mimi kuwalinda. Tarehe ya mwisho sikuweka. Niliweka hatua, na sharti la kutoka hatua moja kwenda nyingine.

Siku ya 1

Mwezi amefika. Gramu 1,240. Sultani leo ni 1,410, Hidaya 780. Nitawapima kila asubuhi kwa mizani ileile.

Amewekwa chumba cha wageni, mlango umefungwa, taulo limezibwa chini ya mlango. Wale wawili walikaa dakika kumi wakinusa upenyo, mikia imefumuka kama burashi ya kuoshea chupa.

Siku ya 2

Kwa daktari wa mifugo. Masikio yameangaliwa kama yana utitiri, kinyesi kimepimwa, damu imechukuliwa kwa ajili ya ugonjwa wa Aleutian, ambao huletwa na kirusi cha jamii ya parvo na hauna tiba. Chanjo ya distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa unaowashika pia fereti, alikuwa nayo, imebaki miezi kabla ya kurudiwa. Hiyo ilinituliza, maana fereti asiyechanjwa akipata distempa ni nadra sana kupona.

Kilichonifanya nisikubali kulegeza karantini ni jambo jingine. Kuna ugonjwa wa kuhara majimaji ya kijani yenye ute, unaotokana na kirusi cha jamii ya korona. Fereti kijana anaweza kuubeba bila dalili yoyote, akaingia nyumbani mzima wa afya, na wiki haijaisha yule mzee wa ndani ameanguka. Mzee wetu ni Sultani. Daktari alisema wiki mbili zinatosha kama majibu ni safi. Nimeandika siku 21.

Wakati wa kuagana aliniambia, "Mama, siku mtakapowakutanisha usiangalie makelele. Angalia damu, angalia choo, angalia mizani." Nimeyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Siku ya 3 hadi 14

Utaratibu: wenyeji huhudumiwa kwanza, mgeni mwisho. Shati la kuingilia kwa Mwezi halitoki chumbani kwake. Mikono kwa sabuni hadi viwikoni. Hakuna kubadilishana blanketi. Wengi hushauri uanze kubadilisha matandiko siku ya kwanza ili wazoee harufu, lakini huwezi kumtenga mnyama kwa hofu ya ugonjwa kisha ukachukua alichokilalia na kumpelekea mwenzake.

Siku ya 6 nikapata mafua. Nikavaa barakoa kwa siku tano, na kazi ya kulisha nikamwachia mume wangu. Mafua ya binadamu, yale ya influenza, huwashika fereti barabara. Ni kupitia kwao watafiti jijini London walikitenga kirusi cha mafua ya binadamu mwaka 1933. Wanatuambukiza, tunawaambukiza.

Chakula kimesumbua kidogo. Fereti hujifunza nini ni chakula na nini si chakula katika miezi yake ya mwanzo, kwa pua. Mwezi amekulia punje kavu za chakula, na nyama yetu mbichi aliipita kama kokoto. Nimesaga punje zake juu ya nyama, kila siku unga ukipungua kidogo na nyama ikizidi. Siku ya 12 alilamba bakuli.

Majibu ya damu: safi. Kinyesi: safi.

Siku ya 15

Sharti la hatua ya pili limetimia: majibu safi, hajahara, hajapungua uzito. Kukutana ana kwa ana bado ni marufuku hadi siku ya 21, ila harufu sasa inaruhusiwa.

Nimempa Hidaya blanketi la Mwezi. Alilizunguka, akalivuta kwa meno hadi chini ya kabati lake, akarudi kutazama kama kuna jingine. Sultani alilinusa, akarudi kinyumenyume, akainua mkia na kuacha kinyesi pembeni yake. Huo ndio ujumbe wake, na nimeupokea: kwake tutakwenda taratibu.

Siku ya 19

Vizimba viwili vimewekwa chumba kimoja, vikitenganishwa kwa upana wa viganja vinne, kwa sababu pua au kidole kikipita kwenye waya kinaweza kung'atwa vibaya. Usiku nawabadilishia vizimba: Mwezi analala cha wenyeji, wenyeji wanalala cha Mwezi. Asubuhi kila mmoja anakuta kwake kunanuka mwingine.

Siku ya 22

Kukutana kwa mara ya kwanza. Chumba cha kufulia, ambacho hakuna kati yao aliyewahi kucheza humo. Nimetandika shuka kuukuu kwa kuwa vigae huteleza, na fereti asiyejiamini miguuni huanza na meno. Nimeamua kumkutanisha na mmoja mmoja.

Hidaya aliingia, akamnusa mkiani, akamrukia, akamshika ukosi na kumburuta nusu chumba. Mwezi ana karibu nusu kilo zaidi yake. Alilegea kama soksi iliyolowa, akaburutwa. Kisha akainuka, akaanza kurukaruka kando kando, mgongo umepinda, kinywa wazi, ile ngoma yao ya furaha. Hidaya akajibu kwa sauti ya *dok-dok-dok*, kama kuku anayeita vifaranga. Dakika 12. Nikawatoa wakiwa bado wanatamani.

Ngozi ya ukosi wa fereti ni nene. Ndipo mama zao huwabebea, ndipo wanaposhikana wakicheza, na ndipo wanapoamua nani mkubwa. Kushikana hapo, hata kwa kuburutana, si vita. Mwenye moyo mwepesi huwaachanisha mapema, na wao hubaki na swali ambalo halijajibiwa.

Siku ya 23

Zamu ya Sultani.

Sekunde chache za kunusana. Mwezi akamshika ukosi. Sultani akapiga yowe, lile kali linalopenya ukuta. Nilijizuia. *Usiangalie makelele.* Nikahesabu hadi kumi. Mwezi hakuachia. Sultani alipiga la pili, refu zaidi, akajinyea. Meno ya Mwezi hayakulegea hata kidogo. Macho yake yalikuwa matulivu, hayana hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Sikumvuta, maana kuvuta huchana ngozi. Nilimshika Mwezi ukosi wake mwenyewe, nikamwinua kidogo huku mkono wa pili umembeba Sultani chini ya kifua. Fereti akishikwa hivyo mwili hulegea na mara nyingi hupiga mwayo. Alipiga mwayo, Sultani akawa huru.

Damu hakuna. Manyoya yamelowa mate tu. Lakini Sultani alikwenda nyuma ya mashine ya kufulia na hakutoka mpaka mume wangu alipolala chini kifudifudi akamwita kwa dakika ishirini.

Siku ya 24 hadi 26

Uzito wa Sultani: 1,398, 1,371, 1,352.

Chakula hupita tumboni mwa fereti kwa saa tatu hadi nne tu, kwa hiyo asiyekula nusu siku tayari yuko taabuni. Isitoshe, msongo huwaletea vidonda vya tumbo. Natazama kama anasaga meno, natazama kama choo kimekuwa cheusi na cha kunata kama lami. Havijatokea. Nimesimamisha kila kitu. Hata vizimba nimevitenganisha tena.

Niliandika kwenye daftari kwamba pengine Mwezi ni mkorofi, na kwamba huenda nikamtafutia nyumba nyingine. Sentensi hiyo sijaifuta, lakini sikuwa nimeelewa nilichokuwa nikikitazama.

Siku ya 27

Saa mbili asubuhi mfuniko wa sufuria uliniponyoka jikoni, ukaanguka sakafuni ukizunguka. Hidaya na Sultani walitoka kitandani kwao kama risasi. Kizimba cha Mwezi kilikuwa hatua tatu kutoka nilipo. Alikuwa amelala chali, mguu mmoja umening'inia nje ya machela, kile kitambaa cha kulalia kinachoning'inizwa kizimbani.

Hakutikisika.

"Mama, mbona Mwezi hakushtuka?" binti yangu akauliza.

Nikapiga makofi juu ya kichwa chake. Nikatikisa kopo la punje, ambalo fereti yeyote hulikimbilia hata akiwa usingizini. Nikaita. Kisha nikagusa kizimba kwa kidole, kimya kimya, na papo hapo akafungua macho.

Mchana nilimpigia daktari. Alinyamaza kidogo, akasema alipaswa kuniuliza, kwa kuwa fereti wenye kichwa cheupe au mstari mweupe usoni wengi huwa viziwi. Weupe ule ni upungufu wa seli zinazotengeneza rangi, na seli hizohizo zinahitajika ndani kabisa ya sikio ili lifanye kazi. Huzaliwa hivyo. Haiumi, haizidi, haitibiki.

Nilirudi kusoma upya ukurasa wa siku ya 23. Yowe la Sultani lilikuwa neno. Lilisema *basi*. Fereti wanaokua pamoja hujifunza neno hilo utotoni: unang'ata, mwenzako analia, unalegeza. Mwezi hajalisikia tangu azaliwe. Kwa upande wake alikuwa akicheza na mwenzake, na mwenzake hakuwa amesema lolote. Kwa Hidaya hapakuwa na tatizo kwa sababu Hidaya halii. Hidaya hugeuka akang'ata, na jino linasikika hata kwa kiziwi.

Ushauri wa kutojali makelele ni sahihi kwa fereti wanaosikia. Hapa makelele ndiyo yaliyokuwa na habari yote, na mimi ndiye niliyekuwa nayapuuza pamoja na Mwezi.

Siku ya 29: mpango mpya

Kazi yangu ni kuwa sikio lake mpaka watakapopata lugha nyingine kati yao.

Sultani akilia, napiga sakafu kwa kiganja mara mbili karibu na Mwezi, naye huuhisi mtikisiko. Asipoachia ndani ya sekunde tatu, natia mkono na kumshika ukosi kama siku ile. Akiachia, analamba mafuta ya samaki kidoleni, na Sultani naye analamba. Kabla ya kukutana, Mwezi anacheza na Hidaya nusu saa ili apunguze nguvu. Kwa Sultani nimeweka bomba mbili za kitambaa, kila moja ina matundu mawili, asije akabanwa penye tundu moja. Hakuna anayemwamsha Mwezi kwa kumgusa ghafla: tunampulizia pumzi taratibu kwanza, afumbue macho aone ni nani.

Siku ya 30

Sultani 1,379. Amerudi kula.

Dakika tano tu chumba cha kufulia. Kushikwa ukosi mara nne, mayowe manne, nimetia mkono mara nne. Mwezi hajui kabisa kwamba mapigo ya sakafu yana maana.

Siku ya 34

Mara sita ameshika, mara mbili ameachia kwa mapigo ya sakafu. Nilimkumbatia huyu mnyama hadi akachoka nami.

Siku ya 36

Kosa. Nilisoma mahali kwamba ukimpaka mmoja mafuta shingoni, mwingine atamlamba na uhusiano utaanza. Mwezi alilamba ukosi wa Sultani vizuri sana kwa nusu dakika, kisha akaanza kuutafuna. Bila shaka, nilikuwa nimempaka utamu palepale ninapomkataza kuweka meno. Tangu leo mafuta yanapakwa mabegani na mgongoni. Hapo analamba tu.

Siku ya 41

Leo nimeona kitu ambacho sikumfundisha mtu.

Mwezi alimjia Sultani kutoka nyuma. Sultani hakulia. Aligeuka mwili mzima, akasimama uso kwa uso naye, akafungua kinywa wazi hadi nikaona ufizi wa juu, akabaki hivyo bila sauti. Mwezi alisita. Akashusha kichwa. Akapita pembeni akaenda kuchimba shuka.

Ilitokea mara tatu ndani ya dakika kumi na tano. Mara ya tatu Sultani hakufungua kinywa sana, alikionyesha tu. Nilikuwa nimekaa sakafuni, kiganja tayari, na sikukitumia. Mzee wangu wa miaka mitano amegundua kwamba huyu kijana husikia kwa macho.

Siku ya 47

Hidaya na Mwezi wamelala machela moja mchana kutwa, wamejifunga kama fundo. Sultani chini, peke yake, ndani ya boksi lake. Sikumsogeza.

Siku ya 50 hadi 55

Sebuleni kwa mara ya kwanza, wote watatu. Nilitarajia shida kwa Sultani, ikaja kwa Hidaya. Kona yenye sanduku la choo ni yake, na Mwezi alipoingia humo alimfukuza hadi chini ya kochi, siku mbili mfululizo. Mwezi akaanza kujisaidia nyuma ya mapazia.

Nimeongeza sanduku la tatu na la nne kwenye kona nyingine, nimehamisha machela zote, nimeosha zulia. Mahali pakibadilika sura, hakuna mwenyeji. Siku ya 55 Hidaya alikwenda sanduku jipya, Mwezi akatumia lile la zamani, na hakuna aliyegombana.

Siku ya 61

Usiku bado wanatenganishwa. Mchana wako pamoja saa sita, nami nikiwa chumba kimoja nao. Sultani analia mara moja au mbili kwa siku, sauti fupi, na kila mara Hidaya hufika kabla yangu na kumvuta Mwezi kwa mkia. Sijui aliamua lini kuwa hiyo ni kazi yake.

Siku ya 68

Asubuhi nilitoka chumbani kwa muda mfupi nikiwaacha wamelala kama kawaida: wawili juu, Sultani bokisini. Niliporudi boksi lilikuwa tupu. Nilitafuta chini ya kochi, nyuma ya pazia, nyuma ya mashine ya kufulia.

Machela ya juu ilikuwa imeshuka kwa uzito. Hidaya chini kabisa, mkia tu unaonekana. Mwezi katikati, chali. Sultani juu yao, kidevu kimelala kwenye ule weupe wa ukosi wa Mwezi. Nilivuta kiti.

Baada ya dakika arobaini hivi Sultani aliamka kwenda kula. Alijinyoosha, akamkanyaga Mwezi usoni kwa mguu wa nyuma, akashuka. Mwezi aliendelea kulala. Nilimpima Sultani alipomaliza bakuli: 1,408. Leo usiku sitawatenganisha, ila godoro langu nitalitandika sebuleni.